Tiketi mkononi, geti moja tu: majibu kwa mashabiki wa Dodoma

Mbukwenyi, wapenzi wa soka wa Dodoma na majirani zetu wa Singida. Safari hii maswali mengi hayakuhusu bao wala refa. Yamehusu geti, foleni na namna mtu anavyopokelewa siku ya mechi. Nimechagua saba. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

"Niliifuata timu ugenini, tiketi nimeshalipia kwa simu. Geti lililofunguliwa ni moja. Tulijazana mpaka pumzi ikawa shida, mgambo akaanza kutupiga virungu turudi nyuma, na nyuma hakuna pa kurudi. Niliingia dakika ya 40. Nina haki gani?" (Shabiki, Chang'ombe)

Pole sana, kaka. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nianze na haki yako.

Mtu aliyelipa kiingilio na kufika mapema anastahili kuwa ameketi kabla filimbi haijapulizwa, tena bila kupigwa. Maandalizi ya mchezo yako mikononi mwa timu mwenyeji, kwa hiyo lalamiko lako lianzie huko. Tunza ujumbe wa malipo, andika jina la geti na saa uliyofika, na kama ulipiga picha usiifute. Kila mechi ya Ligi Kuu ina kamishna anayeandika ripoti, na matukio ya aina hiyo huishia mezani kwa kamati ya Bodi ya Ligi, ile tunayoizoea kwa jina la Kamati ya Saa 72. Andika barua kwa uongozi wa tawi lako, nao waipeleke Bodi ya Ligi. Ukiyamalizia kijiweni, kwenye kumbukumbu za mechi hiyo itaonekana kila kitu kilikwenda salama.

Sasa nije kwenye kinachoninyima usingizi. Miaka kadhaa iliyopita na mimi nilibanwa kwenye geti la uwanja mmoja wa mkoani. Mbele yangu alikuwa mzee mwenye redio ndogo ya mkononi, ameinyanyua juu ya kichwa isivunjike, na redio ile ilikuwa inatangaza mechi ileile tuliyokuwa tunagombea kuiingia. Kuna hatua tatu au nne sikuzipiga mimi. Nilibebwa, soli hazigusi chini. Kijana mwenye reflekta aliyesimama ndani ya geti alikuwa anatufokea sisi wa mbele tuache kusukuma. Hakuwa anawaona walio mita 30 nyuma yetu, ambao kila wakiona watu wamesogea kidogo walidhani foleni inatembea, nao wakasogea.

Hivyo ndivyo watu wanavyoumia. Wa nyuma hajui kwamba anaua, na wa mbele hana uwezo wa kurudi. Ukimpiga kirungu wa mbele unaongeza hofu tu, maana nguvu inatoka nyuma. Dawa yake ni kuizuia foleni mbali na geti, tiketi zikaguliwe mara ya kwanza hukohuko, vyuma vya kupangia mistari viwepo, na mageti yafunguliwe mengi saa tatu kabla ya mchezo. Likifunguliwa moja tu, nusu saa kabla ya mpira, hatari imeshaanza kabla hata timu hazijapasha misuli.

Haya si ya kufikirika. Tarehe 28 Mei 2023, siku Yanga ilipocheza na USM Alger mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, mtu mmoja alipoteza maisha kwenye msongamano na wengine wakajeruhiwa. Januari 2022, kwenye Uwanja wa Olembe kule Yaoundé, watu 8 walikufa wakigombea kuingia kuitazama Cameroon ikicheza na Comoro, mbele ya geti lililokuwa limefungwa. Mwaka 2001 pale Accra ilikuwa wakati wa kutoka: polisi walirusha mabomu ya machozi jukwaani, watu wakakimbilia milango, wakaikuta imefungwa. Walikufa zaidi ya 120. Kanuni za usalama viwanjani za FIFA zinakataza gesi ya aina hiyo, na sababu inaeleweka.

Ukijikuta tena umebanwa, kunja mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi. Usiinamie kiatu wala simu iliyoanguka. Usishindane na wimbi kwa kulirudisha. Likitulia kidogo, jiibe kwa mshazari kuelekea pembeni, lakini kaa mbali na ukuta na nguzo. Na ukiwa nyuma ukasikia watu wa mbele wanapiga kelele, simama, inua mikono, wageukie walio nyuma yako uwaambie wasimame. Hilo moja linaweza kumwokoa mtu ambaye hutamwona kamwe.

"Kwa nini wananinyang'anya chupa ya maji getini na jua hili la Dodoma?" (Mwanafunzi, Makole)

Kwa sababu chupa iliyojaa na kufungwa kizibo ikirushwa ni sawa na jiwe. Katika viwanja vingi vya Uingereza huchukua kizibo na kukuachia maji yako, na ningependa sana utaratibu huo uanze hapa, maana kumkalisha mtu upande usio na paa kuanzia saa 8 mchana bila maji ni kumtafutia kuzimia. Kwa sasa kunywa ya kutosha kabla ya kuingia, vaa kofia, na uwe na hela ndogondogo za kununua maji ndani.

"Wakija Simba au Yanga, Uwanja wetu wa Jamhuri unageuka Kwa Mkapa. Sisi Walima Zabibu, mashabiki wa Dodoma Jiji, tunakuwa wageni nyumbani. Si aibu hii?" (Kijana, Area C)

Inauma, nakubali. Neno aibu silipokei. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba 1936. Babu zetu huku Ugogoni walishachagua upande kupitia redio, muda mrefu kabla Dodoma Jiji haijapanda Ligi Kuu mwaka 2020. Kisha Serikali ikatangaza kuhamia hapa mwaka 2016, mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na maelfu ya watumishi waliokuja na mizigo yao walikuja pia na timu zao. Jirani yangu ana jezi ya kijani ya Yanga chumbani tangu shuleni, na jezi ya Dodoma Jiji ameinunua mwaka juzi. Zote anazivaa kwa dhati.

Nisichokubali ni mtu kuvuliwa jezi ya timu ya mji wake, ndani ya mji wake, eti kakaa jukwaa lisilo lake. Hapo wasimamizi waingilie mara moja. Eneo la mashabiki wa nyumbani litengwe kwa kamba na watu, tena litangazwe mapema, kabla tiketi hazijaanza kuuzwa.

Halafu njooni siku zikija timu kama Mashujaa au Namungo, ndugu zangu. Siku hizo nafasi ni tele, ngoma ya kikundi cha hamasa inasikika mpaka benchi la wageni, na mtoto anaweza kumwona beki wetu kwa karibu kiasi cha kumsikia anavyompigia kelele kipa wake. Mimi mapenzi ya timu hii yaliniingia kwenye mechi kama hizo.

"Kipa wao alikaa na mpira, refa akatoa kona. Refa alichanganyikiwa?" (Fundi, Kizota)

Alikuwa sahihi. Kuanzia msimu wa 2025/26 sheria imebadilika: kipa akiudhibiti mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Mwamuzi huinua mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde 5 za mwisho, hivyo macho yako yawe kwake. Zamani ilikuwa sekunde 6 na adhabu yake ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, ambao karibu hakuna refa aliyethubutu kuutoa.

"Tukipata bao moja timu nzima inarudi nyuma, halafu tunasawazishiwa mwishoni. Kocha si aondoke tu?" (Mzee, Kikuyu)

Shikamoo, mzee wangu. Hasira yako naielewa, na hilo la kurudi nyuma na mimi naliona. Tunatofautiana kwenye dawa.

Siku ukiwa uwanjani, baada ya dakika ya 65 acha kuufuata mpira kidogo. Waangalie mabeki wetu wa pembeni. Ukimwona ameshika kiuno, mpira ukitoka anautembelea badala ya kuukimbilia, ujue huyo hatapanda tena. Asipopanda, winga wa mbele yake anashuka kumsaidia. Winga akishuka, mshambuliaji anabaki peke yake na mabeki wawili, na kila mpira tunaouokoa unarudi baada ya sekunde chache. Wanaokaa nje wanasema tumeogopa. Mimi naona miguu imekwisha na mabadiliko yamechelewa. Sheria inaruhusu kubadili wachezaji 5, na kwa timu kama yetu wawili wa kwanza waingie mapema, wakati bado tunaongoza.

Ongeza na safari. Ligi yetu inakupeleka Kigoma, inakupeleka Ruangwa, na timu zisizo na fedha nyingi husafiri kwa basi. Februari 2025 basi lililowabeba wachezaji wetu kutoka Ruangwa, walikocheza na Namungo, lilipata ajali mkoani Lindi, na mechi iliyofuata dhidi ya Simba ikaahirishwa. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba tulibaki na timu. Tangu siku ile, mchezaji akionekana mzito baada ya safari ndefu, najiuliza kwanza amelala wapi na amefika lini.

Kocha akiondoka katikati ya msimu, anayekuja anaanza kujifunza majina. Dai kitu kingine, mzee wangu, na una haki ya kukidai, kwa sababu timu hii ni ya Halmashauri ya Jiji, na wewe ni mlipa kodi wa jiji hili. Muulize diwani wako timu inasafiri vipi, inapumzika siku ngapi kabla ya mchezo, na benchi limeimarishwa kwa wachezaji gani kwenye dirisha la usajili. Maswali hayo yana majibu. La kocha kuondoka limeshajibiwa mara nyingi, na bado tunasawazishiwa.

"Wanangu wa miaka 7 na 10 wanalilia kwenda uwanjani. Ni salama?" (Mama, Ipagala)

Wapeleke, mama, lakini mechi ya kwanza isiwe ya Simba wala Yanga. Fika saa moja na nusu kabla, keti karibu na njia ya kutokea, na waandikie namba yako ya simu kwa kalamu ya wino mkononi. Mpeleke mtoto msalani dakika ya 35, kabla ya msururu wa mapumziko. Mpira ukiisha kaeni dakika 15, mmalize karanga zenu, umati upungue, bodaboda nao wapunguze kugombea abiria.

Na getini usikubali kupapaswa na mwanaume. Ukaguzi wa mwanamke unafanywa na mwanamke. Kama hayupo, simama pembeni kwa utulivu udai aletwe. Najua kuna akina mama walioacha kuja kwa sababu hiyo tu, na kila mmoja wao alikuwa aje na watoto.

"Huwa naitwa siku za mechi kuvaa reflekta na kusimamia mashabiki. Posho ni ndogo, matusi ni mengi. Mmewahi kutufikiria?" (Kijana, Nkuhungu)

Barua yako imenifanya nirudi kwenye lile geti langu la zamani na kumfikiria upya yule kijana aliyekuwa anatufokea. Nadhani na yeye alikuwa anaogopa. Alikuwa peke yake, hana redio ya upepo ya kumwambia mwenzake wa nje azuie watu, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kitu zaidi ya "wasiingie bila tiketi".

Kazi yako ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Msimamizi mzuri anaupa uwanja mgongo dakika zote 90. Bao linafungwa, wenzake wanaruka, yeye anaangalia nyuso za jukwaani: nani ameanguka, nani anashuka ngazi kwa kasi, wapi watu wamejaa kupita kiasi. Anayefanya hivyo kwa posho ya nauli na soda anastahili kulipwa vizuri, na kufundishwa hata siku mbili kabla ya msimu: namna ya kuhesabu watu kwenye eneo lako, namna ya kumbeba aliyezimia, funguo za mageti ya kutokea anazo nani na anakaa wapi.

Hilo la funguo lianze nalo wewe mwenyewe. Mechi ijayo, kabla watu hawajaingia, nenda kwenye geti la kutokea la upande wako. Kama lina kufuli, mtafute mwenye ufunguo, mwone kwa macho, na umwombe asimame hapohapo mpaka mtu wa mwisho atoke. Akikataa, mwambie ofisa usalama wa mchezo mbele ya mashahidi, kisha niandikie.