Nikon D90 imegoma: kabla hujanunua nyingine, angalia lenzi ulizonazo

Mkuu, pole. Umesema kamera yako ya D90 inaandika Err (hitilafu) kila ukibonyeza, fundi kakwambia shata, lile pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga, imekwisha, na moyo unakataa kuiacha. Mimi nilifika hapo hapo na D90 yangu, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyafanya.

Kwanza hakikisha kweli ni shata. Chomoa lenzi, futa zile pini za dhahabu kwa kitambaa kikavu, weka betri iliyojaa, zungusha gurudumu la juu kwenye M (manual) kisha upige bila lenzi. Ikipiga safi, kuna uwezekano mkubwa tatizo liko kwenye lenzi. Na kama inaandika FEE badala ya Err, hakuna kilichokufa: lenzi za zamani zenye pete ya kufungulia mwanga zinataka pete hiyo ifungwe kwenye namba kubwa kabisa. Kwa 50mm f/1.8D ni 22. Kuna watu wamemlipa fundi kwa kazi hiyo ya kuzungusha pete tu.

Err ikibaki, chukua picha yoyote uliyopiga karibuni, ile halisi isiyopitia WhatsApp, uifungue kwa programu ya ExifTool utafute "Shutter Count". Shata ya D90 ilijaribiwa kiwandani kwa mapigo 100,000. Yangu ilishavuka hapo, kwa harusi, send-off na vipaimara. Kamera iliyofanya kazi hiyo yote haina deni na mtu.

Sasa kutengeneza. D90 ilitoka 2008, na fundi wetu wengi spea wanaipata kwa kuchinja kamera nyingine. Maana yake unawekewa shata ambayo nayo ina mapigo yake. Usikubali kabla hujaonyeshwa namba ya hiyo inayochinjwa. Kama ilidondoka ikapasuka kioo cha nyuma huku shata bado changa, hapo una bahati. Msimamo wangu ni huu: gharama ikifika nusu ya bei ya D90 nzima iliyotumika, acha kwanza.

Ila swali lililoniamulia mimi halikuwa la bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Lilikuwa la lenzi. Nilikuwa na 50mm f/1.8D na 80-200mm f/2.8D, zote za aina ile ya D isiyo na mota ya kufokasi ndani. Zinazungushwa na mota iliyo kwenye kamera, na D90 inayo. Hapa ndipo wengi wanapoliwa: wanaona D3400 au D5600 ni mpya zaidi na nyepesi, wananunua, wakifika nyumbani lenzi inabidi waifokasi kwa mkono. Bodi zote za familia za D3000 na D5000 hazina hiyo mota. Hata ukihamia kwenye kamera za Nikon Z zisizo na kioo ndani (mirrorless) ukaweka adapta ya FTZ ya kuunganishia lenzi hizi, nayo haina. Picha utapiga, lakini bibi harusi anaingia ukumbini anacheza, wewe unazungusha pete kwa mkono? Labda kama una roho ngumu kunizidi.

Kwa hiyo kwa mwenye lenzi za D, njia ni familia ya D7000: D7000 yenyewe ya 2010, D7100, D7200 ya 2015, D7500. Nilichukua D7200 iliyotumika. Vitufe vingi viko karibu na pale vidole vilipozoea, ina nafasi mbili za memori kadi (D90 ina moja, na kwa kazi ya kulipwa hilo lilikuwa linaninyima usingizi), na ISO yake (wepesi wa kunasa mwanga) inafika 25600 wakati D90 kwa kawaida inaishia 3200. Kwenye ukumbi wenye taa za zambarau tofauti utaiona siku ya kwanza. Betri tu haziingiliani, kwa hiyo ingiza betri ya pili kwenye hesabu.

Kama lenzi zako ni zile za kuja na kamera, 18-105 kwa mfano, hiyo ina mota yake. Huna kifungo, nunua bodi yoyote inayokufaa. Kabla ya hapo zimulike kwa tochi. Kwa sisi wa pwani ukungu unaota ndani ya vioo, na lenzi yenye ukungu isikuchagulie kamera.

D90 yangu sikuiuza. Ilikaa kabatini mpaka fundi alipopata ya kuchinja kwa bei ya kueleweka, sasa ni ya picha za nyumbani. Kama yako inakuingizia hela, nunua kwanza ya kazi, hii itengeneze baadaye bila presha. Kama ni ya mapenzi tu na huna mteja anayekusubiri, tengeneza, wala usimsikilize atakayekwambia simu inatosha.

Ukienda kununua, beba lenzi yako na kadi yako, piga picha pale pale dukani, usome namba ya shata kabla hujatoa pesa. Tuambie una lenzi zipi na bodi yako imepiga ngapi.