Nimfiche mchumba kwamba natumia dawa za sonona?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 29, naishi Tanga. Mama alipofariki mwaka juzi nilianguka kabisa. Silali, sili, nikiingia darasani naandika tarehe ubaoni kisha nashindwa kuendelea. Nyumbani wakasema nimerogwa. Nikapelekwa kwa mganga, nikafanyiwa kisomo, hali ikabaki vile vile. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipeleka hospitali, daktari akasema ni sonona, akanianzishia vidonge na vikao na mshauri. Sasa nina nafuu kubwa. Barua ya posa imeshaletwa na ndoa inatarajiwa Mfungo Mosi. Mama mdogo, ambaye ndiye mama yangu sasa, anasema nifunge mdomo mpaka ndoa ipite, maana wakwe wakisikia watasema ukoo wetu una kichaa na wadogo zangu wawili wa kike nao watakosa wa kuwaoa. Vidonge naviweka kwenye kopo la vitamini. Mara mbili nimeviacha kwa kuogopa mawifi waliokuja kututembelea. Tena kuna siku nilitamani kufa. Hilo sijamwambia hata daktari, naogopa polisi. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mama.

Mwambie mchumba wako. Mwambie kabla mahari haijapokelewa, na umwambie wewe mwenyewe. Nitakueleza kwa nini na kwa namna gani, lakini kwanza nataka tuzungumze kuhusu hilo kopo la vitamini, maana ndilo lililonitia hofu kuliko yote uliyoandika.

Dawa za sonona hazianzi kazi siku unayomeza. Huchukua wiki 2 hadi 4 ndipo mtu aone tofauti, na akizikata ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na kukosa usingizi, kisha ugonjwa wenyewe ukarudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mgonjwa aendelee na dawa kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Yaani ukijisikia mzima bado unameza, na siku ya kuacha huipangi wewe wala mawifi, anaipanga daktari, naye hupunguza kidogo kidogo. Kwa hiyo kila ulipoacha kwa ajili ya wageni ulirudisha nyuma uponaji wako, na wageni wenyewe hawakujua lolote. Halafu fikiria mtoto wa jirani anayeingia jikoni kwenu akakuta kopo la vitamini. Baadhi ya dawa hizi, kama amitriptilini, vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Virudishe leo kwenye pakiti yake yenye jina, uvifungie kabatini.

Siri hii, mwanangu, imeshaanza kukuumiza mwilini. Ndiyo maana sikubaliani na mama mdogo, ingawa namwelewa sana.

Namwelewa kwa sababu amekulia katika mji ambao mtu akitaka kumdhalilisha mwenzake humwambia apelekwe Lutindi. Dodoma wanaitaja Mirembe hivyo hivyo, Unguja wanaitaja Kidongo Chekundu, Nairobi wanaitaja Mathari. Hospitali za wagonjwa wa akili zimegeuzwa matusi. Kati ya wanaotamka hilo jina la Lutindi, ni wachache wanaojua kwamba pale milimani Korogwe palianza miaka ya 1890 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, ndipo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwamba wagonjwa wake wamekuwa wakifanya kazi za mikono na za shamba la chai kama sehemu ya matibabu, kisha wakarudi makwao. Anayerudi nyumbani mzima hasimuliwi. Anayesimuliwa ni yule anayezunguka stendi bila nguo, na watu wakisikia maneno "ugonjwa wa akili" ndiye wanayemwona. Mama mdogo naye ndiye anayemwona. Hajawahi kumwona mwalimu anayesahihisha madaftari, anayelipa kodi ya nyumba, na ambaye asubuhi hunywa kidonge chake. Wewe ndiye wa kwanza kumwonyesha.

Kuhusu ukoo, mwambie ukweli wote. Ni kweli kwamba mtu mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua sonona yuko katika hatari zaidi ya kuipata kuliko mwingine. Lakini hatari si hukumu. Wengi wenye ndugu wa aina hiyo hawaipati maisha yao yote, na wako waliougua bila ndugu yeyote kuwahi kuugua. Kisukari na shinikizo la damu navyo hufuata koo, na sijasikia posa iliyorudishwa kwa sababu babu wa binti alikuwa na presha. Wewe umefiwa na mama, ukaumwa, ukatibiwa. Wadogo zako hawana cha kuona haya hapo. Kitakachowadhuru wao ni kujifunza kwako kwamba wakiumwa hivi wajifiche.

Wala usimfanye mama mdogo kuwa adui. Zimbabwe, tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mwenye mawazo mazito, kisha kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6, kati ya waliokaa na akina bibi hao ni asilimia 14 tu waliokuwa bado na dalili za sonona, ilhali waliopewa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Mpango huo umefika mpaka Zanzibar. Nakueleza haya ili ujue kwamba mwanamke mtu mzima, mwenye subira, aliyefunzwa kidogo namna ya kusikiliza, ni tiba. Mama mdogo ana subira, maana amekulea. Mwombe akusindikize kliniki siku yako inayofuata, na daktari amweleze yeye mwenyewe. Na dua aendelee nazo. Mtume ametuamuru tujitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameteremsha na dawa yake. Kisomo na kidonge havigombani.

Sasa mchumba. Sababu ya kumwambia si kwamba unamwomba radhi kwa kuwa uliumwa. Unamwambia kwa sababu yeye ndiye atakayelala nawe chumba kimoja, na ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona usingizi umekukimbia tena. Na kuna jambo ambalo sidhani kama mama mdogo amelifikiria: kuzaa. Mwanamke aliyewahi kuugua sonona yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua tena akijifungua. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, na mara nyingi huwa ni sonona. Mume anayejua ataona mkewe hamwangalii mtoto, halii wala hacheki, naye atamwahisha hospitali siku hiyo hiyo. Mume asiyejua ataambiwa na dada zake kwamba ameoa mvivu, au kwamba mtoto ametupiwa jini, na wiki zitapita. Hilo peke yake linatosha kwangu.

Usimtume mshenga, na usiandike kwenye simu, maana ujumbe wa simu husambazwa. Mwombe mkutane mchana, mahali penye utulivu, siku ambayo hamjagombana na wewe umelala vizuri. Sema kwa ufupi. Kwa mfano: "Mama alipofariki niliugua sonona. Nilikwenda hospitali, natumia dawa na ninaendelea vizuri. Nataka ulijue hili kabla ya ndoa, na ukitaka tutakwenda pamoja kwa daktari umuulize lolote." Kisha nyamaza umpe nafasi. Asipojibu siku hiyo usimkimbize. Mwache alale nalo. Akiuliza maswali ya kijinga, mjibu taratibu, wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ujinga huo huo.

Wazazi wake na dada zake ni habari nyingine. Hao wataambiwa kama ninyi wawili mtakubaliana waambiwe, na kwa kiasi mtakachopanga. Vivyo hivyo kwa mwalimu mkuu na walimu wenzako. Hakuna mwenye haki ya kujua unameza nini asubuhi. Kusema wazi si kutangaza kwenye kikao cha harusi.

Je, anaweza kuvunja uchumba? Anaweza, na siwezi kukuahidi kwamba hatavunja. Ndiyo maana nataka yule mwalimu mwenzako aliyekupeleka hospitali ajue siku utakayosema, na usiku huo alale kwako. Likitokea utalia, na utaendelea na dawa. Nami nitamwambia mama mdogo wako bila kumung'unya: ni afadhali posa irudi leo kuliko binti arudishwe na mtoto mchanga mgongoni, akiwa mgonjwa, na kosa likawa lake.

Nimeacha la polisi mwisho kwa sababu nataka ulisome polepole. Ni kweli kwamba Tanzania bado ina kifungu katika Kanuni ya Adhabu kinacholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nao walikuwa nacho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinapingana na katiba. Naomba siku hiyo ifike na kwetu, maana hofu ya pingu imewafungia watu wengi ndani na maumivu yao. Lakini hata sheria yetu kama ilivyo inazungumzia jaribio. Kutamani kufa, na kumwambia daktari kwamba ulitamani kufa, si kosa. Kwa daktari hiyo ni dalili ya ugonjwa, tena ni ya muhimu kuliko zote, na bila kuijua hawezi kupima dawa yako sawasawa. Usingoje tarehe ya kliniki, nenda wiki hii. Kama maneno yanakwama, mpe barua hii hii uliyoniandikia aisome. Yakirudi mawazo hayo kabla hujafika, usikae peke yako hata saa moja: mwite mwenzako, mwende hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku wa manane.

Na ukishakaa mbele ya daktari, mwambie pia kwamba unatarajia kuolewa na kupata watoto, kwa sababu kuna dawa zinazohitaji kubadilishwa au kupangwa upya kabla ya mimba. Mchumba akikubali kuja, hilo ndilo swali zuri la kwanza kwake kuuliza.