Ukienda India Januari, uliza siku kabla ya kukata tiketi

Sisi tunaofuata kanga na vitenge katika jimbo la Gujarat huupenda mwezi wa Januari, kwa sababu Diwali imekwisha kupita, mafundi waliokwenda makwao wamerudi viwandani, na baridi ya huko ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua adhuhuri. Hata hivyo, ni mwezi ambao unaweza kukuta mlango umefungwa, au ukaukuta wazi lakini mwenye duka hataki kutia saini. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usitegemee kalenda moja ya sikukuu za India yote. Sikukuu za kitaifa ni 3 tu, yaani tarehe 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba. Nyingi kati ya zilizobaki hutofautiana baina ya jimbo na jimbo, na Benki Kuu ya India hutoa orodha ya mapumziko ya benki inayoonyesha tofauti hizo. Tafuta orodha ya jimbo unalokwenda, kwa kuwa ya Delhi haitakusaidia ukiwa Jetpur, mji wa Gujarat.

Tarehe ya kuiwekea alama mapema ni 14 Januari. Hiyo ndiyo Makar Sankranti, siku ambayo jua, kwa hesabu ya Kihindu, huingia katika buruji ya Jadi, na kwa kuwa sikukuu hii hufuata jua badala ya mwezi, haihami sana: huwa tarehe 14, na miaka mingine 15, kama ilivyokuwa 2024. Watamil huadhimisha Pongal kwa siku 4, Wapunjabi huwasha moto wa Lohri usiku wa kuamkia, na Wagujarati huiita Uttarayan, wakapanda juu ya mapaa kurusha vishada tangu asubuhi. Kesho yake, ambayo huitwa Vasi Uttarayan, vishada vinaendelea na kazi haifanyiki, kwa hiyo hesabu siku 2 nzima.

Ukiwa na mwenyeji, mwombe akupeleke darini kwake. Utaletewa kashata za ufuta na za karanga zilizoshikwa kwa sukari guru, pamoja na undhiyu, mboga mchanganyiko za msimu wa baridi zinazopikwa polepole kwa mafuta mengi, na kila kishada cha jirani kinapokatwa utasikia paa zima likipiga kelele "kai po che!" Asiye na mwenyeji ni heri atulie hotelini kuliko kukodi pikipiki. Uzi wa vishada hupakwa unga wa chupa, na unapokatika huning'inia barabarani usawa wa shingo ya mpanda pikipiki. Ndiyo maana wenyeji hufunga upinde wa chuma juu ya usukani na kujizungushia skafu. Uzi wa nailoni, ambao ni hatari zaidi, ulipigwa marufuku mwaka 2017, lakini bado unauzwa kwa kificho.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kipindi kinachotangulia sikukuu hiyo. Tangu katikati ya Desemba jua linapokuwa katika buruji ya Kausi, Wahindu wengi hawafungi ndoa, hawahamii nyumba mpya wala hawafungui biashara, na Wagujarati hukiita kipindi hicho Kamurta. Kuagiza mzigo kwa mtu mliyezoeana hakuna shida. Lakini ukimtaka mtu mpya mwingie ubia wiki ya kwanza ya Januari, atakukirimu kwa chai, atasifu sampuli zako, kisha atakuambia urudi baada ya Uttarayan, usidhani anakukwepa. Baada ya hapo harusi humiminika, na kumbi na vyumba vya hoteli hupanda bei.

Mifungo ni habari nyingine, maana haifungi maduka. Ulio maarufu ni Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi, unapoandama na unapopungua, kwa hiyo huja takribani mara 2 kwa mwezi. Siku hizo hubadilika kila mwaka, ila hazizunguki misimu yote kama Ramadhani, kwa sababu Wahindu huongeza mwezi mmoja karibu kila baada ya miaka 3. Wengi hujizuia na nafaka na kunde, lakini hula matunda, maziwa, viazi na karanga. Mfanyabiashara mmoja ninayenunua kwake huletewa dukani bakuli la sabudana, punje za wanga wa muhogo zilizokaangwa na karanga za kupondwa, pilipili mbichi na ndimu, akawa anakula kijiko kimoja kimoja huku akipiga hesabu ya mita zangu. Siku hiyo mpelekee machungwa, usimpelekee biskuti, na usimwalike chakula cha mchana. Januari 2026 Ekadashi iliangukia tarehe 14, siku ileile ya Sankranti, ambayo kaskazini huliwa wali uliopikwa pamoja na kunde, na wafungaji wakalazimika kuuweka kando.

Mwisho ni fedha. Tarehe 26 Januari India huadhimisha siku katiba yake ilipoanza kutumika mwaka 1950, na ofisi zote za serikali hufungwa. Benki nazo hufungwa kila Jumapili na kila Jumamosi ya 2 na ya 4 ya mwezi. Mwaka 2026 tarehe 26 ilikuwa Jumatatu, na Jumamosi iliyoitangulia ilikuwa ya 4, kwa hiyo benki zilifungwa siku 3 mfululizo. Mwaka wowote utakaokwenda, angalia kwanza tarehe 26 ni siku gani, kisha hakikisha malipo ya mzigo yamefika kwa muuzaji siku 2 za kazi kabla yake, ili asiwe na sababu ya kuzuia roba zako ghalani.