Kufomati si kupima: majibu ya maswali yenu ya kompyuta

Maswali yamejaa tena, na mengi yanalia kilio kimoja: fundi kafomati, tatizo liko palepale. Nimechagua machache yatakayowafaa na wengine.

Kompyuta ya mezani hapa dukani inajizima ghafla, hasa mchana. Fundi ameifomati mara mbili, bado. Sasa ataka kuifomati tena aweke Windows nyingine. Nimpe? (Mwenye duka, Kongowea)

Usimpe. Mashine inayokatika kama iliyochomolewa kwenye soketi, bila skrini ya buluu wala ujumbe wowote, mara nyingi inasumbuliwa na joto au umeme. Windows yenyewe haikupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea. Ukifungua kumbukumbu za matukio utakuta tukio namba 41, Kernel-Power, na wengi wakiliona hudhani wameupata ugonjwa. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine imewaka tena bila kuzimwa ipasavyo. Kwa nini, halisemi.

Jaribio la kwanza halina gharama. Washa, ingia kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio unaotangulia Windows), iache hapo saa zile ambazo huwa inazimika. Wakati huo Windows haijapakiwa. Ikizimika ukiwa humo, Windows imetoka lawamani na fundi wako hana tena cha kufomati. Isipozimika, usiseme imepona, maana ndani ya BIOS mashine haifanyi kazi nzito. Iwashe kwa Linux, mfumo mwingine usio Windows, iliyo kwenye flashi, uifanyishe kazi. Ikizimika huko pia, kosa liko kwenye vifaa.

Hapo sasa pima joto. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na zikizidiwa huzima mashine ili zisiungue. Fungua kasha, uondoe feni ya prosesa utazame yale mapezi ya kupozea yaliyo chini yake. Kwa hewa yetu ya pwani vumbi haliwi la kupeperuka. Linashika unyevu, linaganda, na ukilikwangua kwa brashi kavu linabanduka kipande kizima. Feni yaweza kuzunguka vizuri kabisa hapo juu na hewa isipite hata kidogo. Safisha, weka pesti mpya ya joto kati ya prosesa na mapezi, jaribu tena.

Joto likiwa sawa, mshuku pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Waya wa manjano unatakiwa uwe na volti 12, na kinachoruhusiwa ni kati ya 11.4 na 12.6. Ipimwe mashine ikiwa kazini, kwa sababu pawa saplai iliyochoka husoma vizuri ikiwa haina mzigo. Lakini kasha la pawa saplai lenyewe usilifungue. Ndani mna kapasita zinazobaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya.

Hukuniambia kama hesabu zako za mauzo zilinakiliwa kabla ya kufomati. Fundi asiyeuliza hilo kwanza, usimpelekee mashine tena.

Laptop yangu iko slow. Nifanye nini?

Sijui, nawe hujaniambia kitu. Nataka kujua ni aina gani, ina memori kiasi gani, diski yake ni ya kuzunguka au SSD isiyozunguka, ilianza lini, na siku ilipoanza kulikuwa na nini kipya. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara bila hata moja kati ya hayo. Kupima kunaanzia kwenye kueleza. Mtu aliyeandika "ilianza Jumanne baada ya kuweka programu ya printa" amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Saa na tarehe zinarudi nyuma kila nikichomoa waya, na tovuti zinadai si salama.

Betri ya CR2032 kwenye bodi kuu imekwisha. Badilisha, rekebisha tarehe, na zile tovuti zitanyamaza, kwani kilichokuwa kikizisumbua ni tarehe mbovu.

Hadidiski yangu yenye picha za harusi za wateja imeanza kutoa mlio wa ka-ka-ka. Rafiki yangu ameniambia nipitishe chkdsk /r. (Mpiga picha, Majengo)

Izime sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Mlio huo mara nyingi ni wa vichwa vya kusomea vinavyoshindwa kupata mahali pake, vikirudi mwanzo na kujaribu upya. Kila dakika diski inapozunguka hivyo yaweza kuukwaruza uso unaobeba picha zenyewe. Chkdsk kazi yake ni kurekebisha mpangilio wa mafaili, na ukiongeza /r inaisoma diski yote kutafuta sekta mbovu. Kwa diski inayokufa, hiyo ni kuimalizia pumzi. Tena huandika juu ya diski hiyohiyo unayotaka kuiokoa. Diski inayogonga ni ya kupelekwa kwa wanaofungua diski katika chumba kisicho na vumbi, na gharama yake si ndogo. Wewe ndiwe unayejua picha hizo zina thamani gani.

Diski isiyogonga bali inakwama na kusoma polepole, hiyo ina njia nyingine. Soma taarifa zake za SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea, kwa programu ya CrystalDiskInfo. Tazama 05, sekta zilizokwisha kuhamishwa, na C5, sekta zinazosubiri kuamuliwa. Thamani ghafi za hizo mbili zinatakiwa ziwe sifuri. Zikiwa zinapanda, nakili diski nzima kwenye nyingine kwa programu ya ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima na kuzirudia mbovu baadaye. Matengenezo yoyote yafanyie kwenye ile nakala. Na taarifa ya SMART ikisema "nzuri" isikulaze usingizi, maana ziko diski zinazokufa bila kutoa onyo lolote.

Nawaomba pia muache kuweka diski kwenye friji. Kwa unyevu wa Mombasa, ikitoka tu inatokwa jasho ndani na nje, na hapo hata mtaalamu atakurudishia mkono mtupu.

Wapiga picha, nakala moja si bakapu. Bi harusi hawezi kuolewa tena ili mpige picha upya.

Nikigusa kasha la kompyuta, hasa peku, linanipiga shoti kidogo. Je, ni virusi? (Mji wa Kale)

Si virusi, ni umeme wa nyumba. Vichujio vya ndani ya pawa saplai hutegemea ile pini ndefu ya juu ya plagi, ya ardhi, kuondoa umeme mdogo unaovuja. Soketi ikiwa haina waya wa ardhi, au umetumia adapta ya pini mbili, kasha hubaki na takriban nusu ya volti 240 zetu. Mkondo wake kwa kawaida ni mdogo, lakini unaweza kuua bandari za USB unapochomeka printa. Na kinachonitia hofu zaidi ni hiki: nyumba isiyo na ardhi, siku pawa saplai itakapoharibika kwelikweli, haina cha kukukinga. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni apime soketi zote. Mpaka afike, usiiguse kompyuta hiyo ikiwa kwenye umeme, na watoto pia wasiisogelee.

Kompyuta inapiga mlio na haionyeshi kitu. Fundi alichomoa memori akaisugua kwa kifutio, ikawaka. Mwezi haujaisha, yale yale. (Likoni)

Itarudia tena. Hewa yenu ina chumvi, na chumvi ikipata unyevu inakula miguso. Chukua ile memori uishike kwenye mwanga: ukiona madoa ya kijani au weusi kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu, ndiyo hiyo. Kifutio kinaondoa uchafu, lakini pia kinakwangua dhahabu yenyewe, na pasipo dhahabu kutu inarudi kwa kasi zaidi. Tumia pombe ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, usafishe na nafasi inapochomekwa.

Kisha pitisha MemTest86, programu ya kupima memori, kutoka kwenye flashi, iache usiku kucha. Kosa moja tu ni kosa, hakuna cha kusema "ni dogo". Likitokea, pima kipande kimoja kimoja, na ukihamishe kutoka nafasi moja hadi nyingine. Kosa likikifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye nafasi, bodi ndiyo mbovu, na memori mpya itakuwa pesa imetupwa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa viwili pamoja mashine ikapona, hutajua kilichoiponya.

Nimenunua flashi ya 512GB kwa bei ya kutupa. Video zinaingia ila hazifunguki.

Ni bandia. Ipime kwa programu ya H2testw nawe utaona ukubwa wake wa kweli. Mrudishie aliyekuuzia.

Intaneti ikikatika, kijana wangu hubonyeza kitufe cha nyuma ya rauta mpaka inafutika mipangilio yote. Ni sawa? (Bamburi)

Mkataze. Akifuta mipangilio, huenda amefuta na jina na nywila ya kampuni inayowaletea huduma, na sasa mna matatizo mawili. Apime kwa hatua. Aangalie kwanza anwani ya kompyuta: ikianza na 169.254, haikupewa anwani na rauta, basi kosa liko humo ndani ya nyumba. Ikiwa anwani ni sawa, apige ping (amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu) kwa rauta, kisha kwa 8.8.8.8 (mashine ya Google huko nje kwenye intaneti), kisha kwa jina la tovuti yoyote. Rauta isipojibu, ashughulikie waya au Wi-Fi. Rauta ikijibu na 8.8.8.8 ikakaa kimya, kosa huenda liko nje ya nyumba, apige simu kwa kampuni. Namba ikijibu lakini jina likakataa, abadilishe DNS tu, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Na kabla ya yote hayo amuulize jirani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima, na bado watu waliniletea rauta nzima kabisa nizitengeneze.