Injini ya Camaro ya 1968: amua mwaka kwanza, vipuri vifuate

Msomaji mmoja ana Chevrolet Camaro ya 1968 na anataka injini yake ya 350 (ujazo wa inchi za ujazo 350) ionekane kama ilivyokuwa enzi zile. Ameshanunua hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) na pampu ya maji, sasa anauliza kuhusu kabureta. Kabureta ingesubiri. Hivyo viwili alivyonunua ndivyo vinavyowakwamisha wengi.

Mwaka 1969 Chevrolet ilibadilisha sehemu ya mbele ya injini hii. Camaro za 1967 na 1968 zina pampu fupi, na alteneta iko upande wa dereva. Kuanzia 1969 pampu ni ndefu, alteneta imehamia upande wa abiria, na bureketi zake hufungwa kwenye matundu ya usoni mwa hedi. Hedi za kabla ya hapo hazina matundu hayo. Ukifunga pampu ndefu na puli za 1968, mkanda haukai kwenye mstari: unalia, unaliwa ukingoni, mwisho unaruka. Kwa hiyo soma namba iliyo kwenye hedi kabla ya kutoa pesa. Hedi 3890462 na 3917291 zinafaa gari hili. 3927186 ni nzuri sana, ila ni ya 1969 na kuendelea.

Kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, tazama kijiti cha kupimia oili. Hadi 1979 kilikuwa upande wa dereva. Kikiwa upande wa abiria, bloku ni ya baadaye, na rangi ya chungwa ya injini za Chevrolet za enzi hizo haitaficha hilo. Za kuanzia 1986 zina sili ya nyuma ya kipande kimoja kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), hivyo krenki ya zamani haiingii bila adapta.

Uwiano wa mgandamizo usikisie, piga hesabu. Silinda ikichongwa hadi inchi 4.030, hedi yenye chumba cha mwako cha cc 64, pistoni bapa yenye vikato vya vali vya cc 5, gasketi ya inchi 0.039, na pistoni ikibaki inchi 0.025 chini ya uso wa bloku, unapata kama 9.8 kwa 1. Weka gasketi ya chuma ya inchi 0.015 na unafika karibu 10.4. Kwa hedi za chuma na petroli ya kituoni, mimi ningebaki na 9.8, maana mgandamizo ukizidi petroli hulipuka vibaya na injini hugonga, na injini inayogonga hutoboa pistoni.

Ndani, pasipoonekana, usiwe mtumwa wa historia. Hedi hizi zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi. Mwambie fundi aweke siti ngumu kwenye vali za eksozi, la sivyo vali zitazama polepole na nafasi ya tapeti kupotea. Distributa iwe ile ndogo ya Delco. Ile ya HEI, ya elektroniki na yenye kofia kubwa, ilikuja katikati ya miaka ya 1970, na inaniuma kila nikiiona juu ya injini iliyopambwa vizuri hivyo. Pointi (swichi ndogo za cheche ndani ya distributa) zikikuchosha, kuna kifaa cha elektroniki kinachokaa chini ya kofia ileile.

Kamshafti (mhimili unaofungua vali) ya tapeti bapa ndiyo inayoua injini nyingi zilizotoka kutengenezwa upya. Kamshafti mpya, tapeti mpya, bila mjadala. Paka grisi maalumu ya kamshafti kwenye kila nundu, tumia oili yenye zinki ya kutosha, na zungusha pampu ya oili kwa drili hadi oili itoke kwenye roka zote, yaani mikono inayosukuma vali. Jaza kabureta petroli na panga taimingi ya cheche kabla ya kuwasha ili injini iwake mara moja, kwa sababu kuipiga stata muda mrefu kunafuta grisi. Ikishawaka, ipandishe mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, uishikilie hapo dakika 20. Usiiache ikiungurumia chini: nundu za kamshafti hulainishwa na oili inayorushwa na krenki, na kwa mizunguko midogo haitoshi. Kisha mwaga oili, badilisha filta, na kata ile ya zamani uone kama ina vumbi la chuma.