Kampuni Ikibadili Jina, Ulizeni Kwanza Habari za Hisa

Hapa Kigoma kampuni kubwa ikibadili jina, vijiweni hakukaliki. Huyu anasema serikali imeuza, yule anasema serikali imenyang'anya. Mimi nasafirisha mawese na dagaa kwa reli, na nina kibanda cha uwakala wa fedha Mwanga. Wafanyabiashara wenzangu, kabla ya kubishania kibao, ulizeni nani ana hisa ngapi.

Chukueni laini ya simu. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na muda wote huo serikali ilibaki na asilimia 40. Mwishoni mwa 2017 Rais Magufuli akatamka kwamba kampuni ile ni mali ya TTCL, shirika la simu la serikali. Mvutano ukaisha kwa makubaliano ya 2019: Bharti ya India, mmiliki mkuu wa Airtel, ikashuka kutoka asilimia 60 hadi 51, serikali ikapanda hadi 49. Safari hiyo, hisa za serikali zilipoongezeka, jina halikuguswa. Mwavuli wa kibandani kwangu ulibaki mwekundu vilevile.

Reli ina habari yake. Mwaka 2007 RITES ya India ilichukua asilimia 51 za TRL, kampuni iliyoendesha treni, pamoja na uendeshaji. Baadaye serikali ikairudisha mikononi mwake, kisha Sheria ya Reli ya 2017 ikaunganisha TRL na RAHCO, iliyomiliki njia na mali za reli, ndiyo TRC, Shirika la Reli la leo. Hicho ni chombo kipya kisheria, na mwenye madai hana budi kujua nani karithi madeni.

Lakini kampuni ikibadili jina tu, mbele ya sheria ni ileile na deni lake halifutiki. Kijana mmoja wa sokoni aliambiwa na kampuni fulani kwamba risiti yake ni ya "kampuni ya zamani". Karatasi ilishaanza kuchanika kwenye mikunjo, naye alikwisha kata tamaa. Tukatafuta taarifa za kampuni BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni: namba ya usajili ileile, jina tu ndilo jipya. Tukaandika barua kwa jina jipya, tukaambatanisha nakala. Akalipwa. Kwa hiyo namba hiyo iandikeni kwenye kila mkataba, na risiti za zamani msizitupe.

Linaniuma kuona mkutano mzima wa hadhara unaishia kwenye jina na rangi. Hisa za serikali ziko chini ya Msajili wa Hazina, nazo ni zetu. Mbunge akija, muulizeni zimeleta gawio kiasi gani, na wanaodai chombo cha zamani wanalipwa na nani.