Protini asilimia 30 kwenye mfuko wa chakula cha mbwa: namba inatoka wapi, na mbwa anaambulia nini

Mkuu mleta uzi, wengi wamekujibu ni minyoo, na mmoja kasema ni jua la Dodoma. Minyoo kawapime, hilo halina ubishi. Ila maelezo yako yananipeleka kwingine. Una mbwa wawili wa ulinzi hapo Nzuguni, walikuwa wanakula chakula cha mfuko chenye protini asilimia 22, ukawahamishia kwenye kingine cha asilimia 30 tena kwa bei nafuu. Sasa manyoya yamefifia, wanajikuna, kinyesi kimeongezeka na harufu inafika getini. Umeuliza inakuwaje protini ipande halafu mbwa azorote.

Inakuwa, tena mara nyingi tu. Kabla sijafungua duka la vyakula vya mifugo nilifanya kazi kwenye kinu hapahapa Dodoma, upande wa kupokea malighafi. Nilikuwa mtu wa kuchoma magunia kwa bomba la sampuli: mashudu, dagaa, soya, unga wa damu, kisha kuamua gari lishushe au ligeuze. Tulitengeneza zaidi cha kuku, lakini ujanja wa kwenye protini ni uleule, uwe wa kuku wa mayai au wa mbwa wa kizungu.

Tuanze na hiyo 30. Maabara haipimi protini moja kwa moja, inapima naitrojeni. Sampuli inavunjwavunjwa, naitrojeni yote inahesabiwa, halafu wanazidisha kwa 6.25, kwa sababu protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16. Hicho ndicho kinachoitwa protini ghafi. Kipimo hakiulizi naitrojeni imetoka kwenye nyama, kwato au mbolea. Urea ya dukani, ile ya 46 mnayokuzia mahindi, ukiipeleka maabara kama chakula itatoka na protini asilimia 287. Kilo moja tu ndani ya mia inapandisha namba karibu pointi tatu, na mbwa hafaidiki hata chembe.

Msidhani nawatisha. Mwaka 2007 huko Marekani paka na mbwa walikufa kwa figo baada ya kula vyakula vya makopo na vya mifuko vilivyowekewa gluteni (protini ya ngano) kutoka China iliyochanganywa melamini. Melamini ni malighafi ya kutengenezea plastiki, na theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni, kwa hiyo kwenye kipimo hicho inaonekana kama protini zaidi ya asilimia 400. Aliyeiweka alijua mnunuzi anapima nini na hapimi nini. Mwaka uliofuata melamini hiyohiyo ikakutwa kwenye maziwa ya watoto huko China.

Lakini kwa mbwa wako sidhani kama tunahitaji kumtafuta mhalifu. Kuna njia halali kabisa za kufika 30. Manyoya ya kuku yana protini ghafi inayozidi asilimia 80. Ukiyasaga hivihivi yanaingia mdomoni na kutoka upande wa pili, kwa sababu protini ya nyoya, pembe na kwato imefungwa kwa vifungo vya salfa ambavyo tumbo haliwezi kuvifungua. Yakipikwa kwa mvuke wenye mgandamizo yanameng'enyeka vizuri kiasi, ila hata hapo lisini na methionini, ambazo ni asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, ni kidogo. Ngozi, kano na mifupa vina kolajeni, protini ambayo haina triptofani, asidi amino nyingine, hata kidogo. Makongoro ni matamu, nayapenda mwenyewe, lakini supu ya makongoro peke yake haijengi mbwa.

Unga wa nyama na mifupa ndio unaotofautiana kuliko vyote. Ukitoka kwenye mabaki yenye nyama ni mzuri sana. Ukitoka kwenye mafuvu na miguu, nusu ya unachonunua ni madini na kolajeni. Hapa angalia mstari wa majivu kwenye mfuko, yaani madini yanayobaki chakula kikichomwa, kama umeandikwa. Majivu yakiwa mengi ujue mifupa imezidi. Na mifupa ina shida ya pili ambayo watu hawaihusishi na ngozi: kalisi ikizidi inazuia zinki isifyonzwe, na mbwa mwenye upungufu wa zinki ngozi inakauka, inakatika magamba na manyoya yanapukutika. Maelezo yako yanafanana na hayo pia, kwa hiyo usishangae kama ni vyote viwili.

Damu nayo ina kichekesho chake. Pale machinjioni ikichemshwa na kuanikwa unapata unga wa protini ghafi asilimia 80 na zaidi, na lisini imejaa. Mtu akiona hivyo anadhani amepata dhahabu. Lakini damu ina isolusini, asidi amino nyingine tena, kidogo mno, na mwili haujengi protini kwa kuchukua kilichojaa, unajenga kwa kipimo cha kilichopungua. Ni sawa na fundi mwenye tripu tatu za matofali na mfuko mmoja wa saruji: ukuta utaishia pale saruji ilipoishia. Asidi amino zinazobaki haziwekwi akiba, ini linazivunja, naitrojeni inatoka kwenye mkojo. Kwa hiyo mbwa anaweza kula protini nyingi na kuikojoa.

Ndiyo maana mchanganyiko unashinda kiungo kimoja kizuri. Mahindi yamepungukiwa lisini na triptofani. Mashudu ya alizeti, ambayo sisi wa Dodoma na Singida tunayo tele, yana methionini ya kutosha lakini lisini haba. Soya ni kinyume, lisini ipo, methionini ndiyo pungufu. Dagaa ana vyote viwili, na akiwa mzima analeta na kalisi. Mtu akiniuliza kiungo gani kinarekebisha kasoro za vingine kwa bei ya kwetu, nasema dagaa, mradi awe dagaa kweli. Wale walioanikwa juu ya mchanga huko ziwani wanakuja na mchanga wao, na kuna wanaoongezewa njiani. Tumbukiza konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, uone kinachotua chini.

Sasa nije kwenye joto, maana hapa ndipo chakula cha mbwa cha kiwandani kinapopata au kukosa.

Joto si adui. Soya mbichi ina vizuizi vinavyofunga kimeng'enya cha kuvunja protini tumboni, kwa hiyo mnyama anakula soya na bado inamzuia kumeng'enya hata vingine. Ikikaangwa au ikichemshwa, vizuizi vinakufa. Kinuni tulikuwa na kipimo rahisi: unamwagia unga wa soya maji yenye urea na rangi nyekundu ya maabara, ukitapakaa wekundu haraka ujue haijaiva. Pia zile punje za chakula cha mbwa zinazopukuchika mkononi hutoka kwenye mashine yenye skrubu nene inayosukuma unga uliolowa mvuke kwa mgandamizo na joto la zaidi ya nyuzi 100, mara nyingi 120 hadi 150. Ndani ya muda mfupi wanga unaiva, vijidudu vinakufa, protini inafunguka na inakuwa rahisi kumeng'enywa. Hadi hapo ni faida tupu.

Hasara inaanza joto likizidi, likikaa muda mrefu, au unga ukiwa mkavu mno ndani ya mashine. Lisini ina mkono mmoja ulio wazi, na mkono huo unashikana na sukari. Ndiyo ile rangi ya kahawia na harufu tamu ya mkate ukiiva. Lisini iliyoshikwa hivyo mwili hauwezi kuitumia. Joto likiendelea, protini zinafungamana zenyewe kwa zenyewe na vimeng'enya havipati pa kushika. Methionini inaungua kwa hewa. Na kumbuka malighafi nyingine zilishapikwa kabla hazijafika: unga wa nyama ulipikwa kwa saa kadhaa kwenye matangi, halafu ukaingia kwenye skrubu, halafu ukakaushwa tena. Kila hatua inachukua chake.

Kinachonikera ni kwamba hata kipimo cha asidi amino, ambacho ni cha gharama, kinadanganyika hapa. Maabara inachemsha sampuli kwenye asidi kali kwa karibu siku nzima, na asidi hiyo inaiachanisha sehemu ya ile lisini na sukari yake. Karatasi inasema lisini ipo. Tumbo la mbwa halina asidi kali kiasi hicho, kwa hiyo kwake haipo. Wanaofanya kazi kwa umakini wanapima lisini hai peke yake, yaani ile isiyoshikwa na sukari, au wanarudi kwa mnyama: wapo wanaotumia jogoo waliotolewa vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo, ili bakteria wa humo wasivuruge hesabu ya kilichomeng'enywa.

Sisi tuliokosa jogoo wa upasuaji tulikuwa tunanusa. Mashudu ya alizeti rangi yake haikusaidii, maganda yenyewe ni meusi. Nusa. Yakiwa na harufu ya karanga mbichi, sawa. Yakinuka moshi au kahawa iliyoungua, na vipande vimekuwa vigumu kama kigae, mwenye mashine amekamua kwa pupa ili mafuta yatoke yote, na lisini kidogo iliyokuwepo ameiunguza. Karatasi ya maabara itaonyesha protini ileile. Mashudu ya hivyo nilishayaona yakikataliwa kwetu asubuhi na kupokelewa kwingine mchana.

Dada aliyeuliza kama paka wake anaweza kula chakula cha mbwa: hapana, si kwa kudumu. Paka hawezi kutengeneza taurini, kirutubisho kinachohitajika na moyo wake, ya kumtosha, lazima aile, na taurini iko kwenye nyama na samaki, si kwenye nafaka. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walionyesha kwamba paka waliokuwa wanapanuka moyo walikuwa na upungufu wa taurini, tena wengine walikuwa wanakula vyakula vya dukani vilivyoandikwa vimekamilika. Kuchemshwa ndani ya mkebe kunaongeza shida, kwa sababu protini iliyopikwa sana inawalisha bakteria wa utumbo wanaoiharibu taurini. Ndiyo sababu viwango vya Marekani vinadai taurini asilimia 0.1 ya uzito mkavu kwa chakula cha punje lakini 0.2 kwa cha mkebe.

Na mkebe usilinganishe na mfuko kwa kutazama tu. Mkebe wenye protini asilimia 9 na maji asilimia 80 ukitoa maji ni asilimia 45. Mfuko wa 27 wenye unyevu wa 10 unakuwa 30. Ujanja huohuo wa maji uko kwenye orodha ya viungo: vinapangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, na kuku mbichi sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo "kuku" akiwa wa kwanza na mahindi ya pili, baada ya kukauka huenda mahindi ndiyo yanayoongoza.

Rudi kwa mbwa wako. Kinyesi kingi chenye harufu kali ndicho kilichonifanya niandike yote haya. Protini isiyomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba inashuka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, wanatoa amonia na gesi za salfa. Manyoya nayo ni protini yenye salfa nyingi, mwili ukipungukiwa unaanza kubana matumizi huko. Mimi ningewarudisha kwenye kile cha asilimia 22, taratibu kwa wiki moja ya kuchanganya, baada ya daktari wa mifugo kuangalia minyoo na ukurutu. Hicho cha 30, angalia kama orodha inataja mnyama kwa jina au inasema tu "mazao ya wanyama", angalia majivu, na mpigie aliyekuuzia umuulize protini inatoka wapi. Anayejua atakujibu. Asiyejua ataanza kukutajia vitamini.

Pia jiulize kama ulinunua cha kupimiwa kwa kilo. Mfuko uliofunguliwa chini ya bati la Dodoma mwezi Oktoba, mafuta yanachacha, na mafuta yaliyochacha yanaharibu vitamini E na kushikana na protini hizohizo. Dukani kwangu sipimi chakula cha mbwa, mteja achukue mfuko mdogo ulioshonwa.

Mdau wa Kondoa unayetaka kupikia mbwa mahindi na karanga zilizobaki stoo: ukungu ukionekana au hata ukinusika, usimpe mbwa wala kuku. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu huko huko kwenu na upande wa Kiteto, na moto wa jikoni hauimalizi. Mbwa ini lake halistahimili hata kidogo. Kama ni safi, pika ugali, weka dagaa waliooshwa mchanga na maini kidogo mara moja moja, na soya iwe imekaangwa hadi ndani. Vipimo vya mtoto wa mbwa ni tofauti, huyo niandikie umri na uzito nikupigie hesabu hapahapa.